Herufi Ambazo Babu Hakuziona

Msamala, Songea
Jumapili ya Oktoba, saa kumi na moja jioni

Mwanangu Skolastika,

Nimejiahidi kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu, na lile nililolificha tangu mwezi wa tatu nitalitoa pia. Nikiona haya na kufuta hata sentensi moja, nitachana karatasi nzima nianze upya. Karatasi moja nimeshaichana, ingawa si kwa ajili ya haya. Nilikuwa nimeanza kuandika kwa ile kalamu ya rangi ya waridi uliyopewa zawadi shuleni. Ikapendeza. Kisha nikaipeleka karatasi mlangoni, nikaishika mbali na macho huku naitikisa, kama mtu anayesoma ndani ya basi, nikaona maneno yamefifia kama mlima Matogoro siku ya ukungu. Nikachukua kalamu nyeusi. Herufi nimezikuza, na kila nikiandika mstari mmoja naruka mmoja, kama mwalimu wetu wa darasa la jioni la watu wazima anavyotaka. Usinicheke kwamba naandika kama mtoto wa darasa la pili. Sababu utaiona.

Umekwenda Bombambili kuwaaga wenzako wa kwaya kabla ya safari yako ya kesho ya chuoni. Ninawahi kuandika sasa kwa sababu ukiwa humu ndani sitaweza. Begi lako kubwa liko karibu na mlango, umelifunga kwa kipande cha khanga yangu ya zamani. Tangu uondoke nimelipita mara nne, na kila mara nalizunguka taratibu kama anayempita mgeni aliyelala sebuleni. Nilizima redio nisikie nyumba itakavyokuwa kesho. Ikawa kimya mpaka nikamsikia jirani upande wa pili wa ukuta akipukuchua mahindi, punje moja moja zikidondoka kwenye beseni. Nimeiwasha tena redio, kwa sauti ndogo.

Sitakuandikia habari za kufua, kula wala kuamka mapema. Hayo unayajua kuliko mimi. Siku zangu za mtihani wewe ndiye uliyekuwa ukiniamsha, ukinivuta shuka na kusema, "Mwanafunzi, saa kumi na moja hii, hesabu hazijisomi."

Barua nitaiweka mfuko wa mbele wa begi lako dogo. Juu ya bahasha nitaandika: Soma kabla ya Namtumbo. Ukitoka stendi ya Songea utakuwa na zaidi ya saa nzima, na hiyo inatosha hata ukisoma mara mbili. Nasema kabla ya Namtumbo kwa sababu babu yako atakuwa amesimama pale. Jana aliniambia kwenye simu, "Nitafika tangu alfajiri. Hilo basi likijifanya halinioni, nalala barabarani." Nataka umshukie babu yako ukiwa unajua ninachokijua mimi.

Unakumbuka mwaka jana, mwezi kama huu, mwenyekiti wa chama cha wakulima cha kule kwa babu alipokuja dukani kwa Dada Rehema. Alitaka ukurasa kwenye mtandao, uonyeshe kijiji gani kinakuja ghalani kuchukua mbolea siku gani. Kiungo kingetumwa kwenye simu za wanachama, kila mtu ajisomee, ugomvi wa ghalani uishe. Dada Rehema akaninyooshea kidole akasema, "Kazi hiyo ni ya Mama Skola. Mimi kompyuta zangu nazijua kuziwasha tu."

Mwanangu, miaka yote niliyochapa pale dukani, nimechapa maneno ya watu. Barua zao za kuomba kazi, kumbukumbu za vikao vyao, kadi zao za harusi. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi kitu kikae vipi. Ule ukurasa ulikuwa wa kwanza ambao hakuna mtu aliyesimama nyuma yangu akisema weka hapa, toa pale. Nikataka uwe mzuri. Na uzuri wa maandishi mimi niliujua kwenye kadi za harusi tu. Basi nikautengeneza kama kadi ya harusi. Rangi ya nyuma nikaweka ya maziwa. Herufi nikazipaka dhahabu. Majina ya vijiji nikayaandika kwa ule mwandiko mwembamba unaojipinda, wenye mikia inayozunguka kama mche wa maboga. Siku na tarehe nikaziweka chini, ndogo, kwa rangi ya kijivu iliyopauka, ili zisiharibu urembo. Pembeni nikachora maua. Mbolea, Skola. Nilichorea maua tangazo la mbolea.

Nilikuwa nafanya kazi mle ndani, pazia limefungwa. Unajua Dada Rehema hufunga lile pazia jua lisipige kompyuta. Katika ule ubaridi na kiza kidogo, dhahabu ile iling'aa. Wateja walikuwa wanasogea nyuma ya kiti changu wanasema, "Mama Skola, una mkono." Nilirudi nyumbani nikakuhadithia mpaka ugali ukapoa.

Kesho yake ukaja dukani ukitoka shule. Ukafungua ukurasa kwenye simu yako, ukatoka nao mpaka barazani. Nakumbuka ulivyosimama, mkono mmoja juu ya paji la uso.

"Mama, huku nje sioni kitu."

"Basi ingia ndani."

"Na wakulima nao waingie ndani?"

Dada Rehema akacheka mpaka akashika meza. Wateja wawili nao wakacheka. Ukaendelea, wala hukuwa na ubaya, ulikuwa unaeleza tu kama unavyonieleza hesabu: "Rangi ya herufi na rangi ya nyuma zinafanana, mama. Zote nyepesi. Na huu mwandiko, mtu akiwa na kioo kilichopasuka hatajua kama hii ni herufi au ni ufa. Weka nyeusi juu ya nyeupe. Na tarehe ziwe kubwa, hizo ndizo wanazozitafuta."

Nilichokujibu unakijua. Lakini nimeahidi kuandika kila kitu, kwa hiyo nakiandika. Nilisema, "Skola, wewe mtoto wa jana. Nimechapa barua za watu hapa kabla hujajua kushika kalamu. Utanifundisha mimi?" Nikalisema hilo mbele ya wateja, kwa sauti ya mtu mwenye duka.

Ukanitazama kidogo. Ukasema, "Sawa, mama. Ni nzuri." Ukaweka simu mfukoni ukaenda nyumbani kupika.

Tangu siku ile kila ninachokuonyesha ni kizuri. Insha yangu ya Kidato cha Tatu, nzuri mama. Gauni lililonibana kwapani, zuri mama. Zamani ulikuwa unanikosoa mpaka nakufukuza mezani na rula. Tulikuwa wanafunzi wawili kwenye meza moja, taa moja, na ukiona nimekosea ulikuwa unapiga kidole kwenye daftari langu, tap tap, bila kuinua macho kutoka kwenye lako. Kidole kile sijakiona kwa mwaka mzima. Wewe hujaondoka bado, ila kuna sehemu yako iliyoondoka siku ile barazani, na mimi ndiye niliyeifungulia mlango.

Kwa nini nilikujibu vile? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu ulikuwa umepatia, na haraka mno. Nilijua siku moja utanipita. Nilidhani siku hiyo itakuja na sherehe, umevaa joho, mimi nimeshika maua. Ikaja na simu iliyoinuliwa juani na wateja wanaocheka.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua kabla ya mtu yeyote. Sijawahi kukueleza vizuri jinsi nilivyosoma. Shule ya msingi nilikaa dawati la nyuma kwa sababu ya urefu wangu. Ubao wetu ulikuwa umechakaa, umekuwa wa kijivu, na chaki ikipita juu yake ilikuwa kama mtu kaandika kwa unga juu ya jivu. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" tulikuwa tunajibu "Ndiyooo" na mimi nikiwemo. Kisha nanakili kutoka kwenye daftari la mwenzangu. Makosa yake nayo nanakili. Nilimaliza darasa la saba nikiamini kichwa changu ni kizito. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, kwa utaratibu, kila siku, kwa miaka saba.

Uliponijia nilikuwa Kidato cha Pili. Usiubebe mzigo huo, Skola, sikuiacha shule kwa ajili yako kwa moyo mzito kama watu wanavyodhani. Niliiachia kama mtu anayetua ndoo asiyoiweza. Nilisema moyoni, afadhali, sasa hakuna atakayejua kuwa nilikuwa sielewi. Siku hizo kijijini watu walikuja kwa babu yako kuuliza kwa sauti za huruma, wakitaka aibu yangu itajwe. Babu alikuwa anaendelea kunoa jembe. Akawaambia, "Huyo mjukuu nimemwomba mimi. Nimechoka kuishi na watu wakubwa." Wakaondoka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza aliponifunika.

Halafu, umri huu, nikarudi shule. Wiki ya kwanza ya darasa la jioni nilikwenda moja kwa moja nyuma, miguu yangu ilikuwa inapajua. Mwalimu akaandika mstari mmoja ubaoni. Akaweka chaki chini, akatembea mpaka nyuma ya kiti changu, akainama kidogo, akautazama ubao akiwa pale nilipo. Akasema, "Agneta, hapa hapaonekani. Sogea mbele." Basi. Akarudi kuendelea na somo. Nilibeba daftari langu nikasogea, na machozi yalikuwa karibu sana. Hakuniuliza kama nimeelewa. Alikuja kuangalia kutoka nilipokaa.

Unaenda kuwa mwalimu, kwa hiyo nimelieleza hilo kwa urefu. Lakini ona nilivyo. Nilipewa somo lile mwezi wa saba, na mwezi wa kumi mwaka uleule nikakaa nyuma ya pazia nikatengeneza ukurasa wa dhahabu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa tatu babu yako alikuja mjini, unakumbuka, akalala kwetu siku mbili. Ulimkuta ameshafika, ukamwamkia shikamoo, akakuambia amekuja kumtazama mke wake mdogo kama anapika vizuri. Hakukuambia kilichomleta. Alikuja kupima macho. Aliniambia asubuhi ulipokwenda shule, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili: "Agneta, nadhani nina mtoto wa jicho. Nimeshaanza kuwa kipofu. Usimwambie mtoto, atalia."

Nikampeleka. Tukakaa kwenye benchi mpaka mchana. Walipomwita, daktari alimsimamisha mbali na ukuta wenye zile herufi, akamziba jicho moja, akamwambia, "Haya mzee, soma." Babu akasoma. Mstari wa juu, wa pili, wa tatu, anazitaja herufi kama mtoto wa shule aliyekariri. Jicho la pili nalo hivyohivyo. Akakwama kwenye ile midogo ya chini kabisa, nami mwenyewe nilikuwa nimeshakwama.

"Mzee," daktari akasema, "macho yako ni ya umri wako. Mtoto wa jicho huna. Miwani ya kusomea itakutosha."

Nilifurahi. Nilikuwa nimeshaanza kutuma ujumbe kwa mama yako mdogo. Tulipotoka nje, babu akakaa kwenye ngazi, akavaa ile miwani mpya, akatoa simu yake. Akaifungua polepole kwa kidole kile kikubwa, akaniinulia. Ulikuwa ukurasa wangu, hakuna aliyeutoa.

"Ya daktari nimeisoma iko kule ukutani," akasema. "Hii iko mkononi mwangu na siioni. Sasa hapa kipofu ni nani?"

Nikaichukua ile simu. Skola, sikuona kitu. Jua lilikuwa utosini, na mwanga wa simu alikuwa ameupunguza mpaka mwisho. Kule kwao kuchaji ni kupeleka simu dukani kwenye sola na kuiacha mpaka jioni, kwa hiyo kila mtu anapunguza mwanga ili chaji imfikishe wiki. Mimi nilijua hilo. Nimekulia pale! Lakini nilipokuwa nyuma ya pazia la Dada Rehema sikumkumbuka hata mtu mmoja aliyesimama shambani na simu yenye kiza. Nilichoona mkononi mwangu kilikuwa kioo cha rangi ya maziwa chenye madoa ya njano, kama mtu kamwaga chai. Dhahabu yangu.

Nikamwuliza, nikiwa najua jibu, "Baba, kwa hiyo mbolea..."

Akanieleza bila kulaumu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Kiungo kilipofika alikifungua kivulini, akakifunika kwa kofia, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali. Hakuona. Akaona haya kuuliza. Akawatazama wenzake, nao wanatazama simu zao wanatikisa vichwa kama waliosoma, akaamini ni yeye peke yake. Akasubiri asikie mtu akitaja siku. Mpaka siku moja jirani akapita na baiskeli amepakia mifuko.

"Mzee, umeshachukua?"

"Bado. Nasubiri siku yetu."

"Siku yetu ilikuwa juzi!"

Alipofika ghalani, kilichobaki cha fungu la kijiji chao kilikuwa kimeshapelekwa kijiji kinachofuata. Akapanda bila mbolea. Na hakuwa peke yake. Baadaye walijulikana wazee wengine waliokosa, kila mmoja nyumbani kwake akidhani macho yake yamekufa.

Nikamwambia, "Baba, kwa nini hukunipigia simu? Ningekusomea."

Akaivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mwenyekiti aliniambia, ukurasa huu kautengeneza binti yako. Nikasema, kama ni wa Agneta, basi kasoro ni yangu."

Nimeandika sentensi hiyo, Skola, nikaacha kalamu nikaenda kusimama uani. Nimerudi.

Sasa njoo mwezi wa sita, tulipokwenda kuvuna. Uliyaona mahindi yale, magunzi mafupi kama vidole, nusu hayana punje. Ulikuwa na uchungu kwa ajili ya babu, najua, na uchungu wako ukatoka kwa utani kama kawaida yenu. Tumekaa kwenye turubai tunamenya, majirani wapo, ukasema, "Babu, si ulikuwa kilabuni siku ya mbolea? Mbolea haigawiwi kilabuni." Watu wakacheka. Babu akacheka zaidi yao. Akasema, "Kweli mke wangu. Ungenipikia vizuri nyumbani nisingekwenda." Kisha hukucheka tena. Ukamwambia kwa sauti ya chini, ya kweli, "Lakini babu, mwaka ujao acha. Mama anahangaika." Naye akaitikia, "Nimesikia, mama."

Babu yako alinitazama. Mara moja tu, juu ya kichwa chako. Hakuwa ananidai kitu. Nilichukua gunzi jingine nikainamisha uso.

Hilo ndilo nililolificha. Nilikuwa najua kwa miezi mitatu. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu, niseme, Skola, hakuwa kilabuni, alikuwa kivulini na kofia juu ya simu anajaribu kuusoma urembo wangu, na wewe ulinionya. Sentensi moja. Sikuisema pale, sikuisema njiani tukirudi, na miezi yote iliyofuata tumekula pamoja usiku na mchana na sikuisema. Nilimwacha mzee abebe jina la mlevi mbele ya mjukuu wake ili mimi nisipungue machoni pako. Hiyo ni mara ya pili aliponifunika, na safari hii nilikuwa mtu mzima, nimejifunika kwa makusudi.

Huko uendako utakosea, sina shaka. Mimi kukosea rangi hakukunisumbua sana, rangi hubadilishwa kwa dakika tano. Kilichonila ni ile miezi niliyokaa nayo. Kila siku nikisema kesho, na kila kesho inakuwa nzito kuliko jana, mpaka ikabaki siku moja tu na begi lako liko mlangoni.

Mwezi uliopita nilimpigia mwenyekiti, nikamwambia kasoro ilikuwa yangu, naomba niufanye upya ukurasa kabla ya msimu. Akasema, "Mama, mimi mwenyewe sikuwahi kuusoma. Niliona haya." Fikiria.

Nikafanya kila ulichosema barazani. Nilikumbuka maneno yako yote, ingawa nilijifanya sikuyasikia. Herufi nyeusi juu ya nyeupe. Mwandiko wa kawaida uliosimama wima, hauna mkia hata mmoja. Majina ya vijiji makubwa, siku na tarehe kubwa zaidi, na kati ya kijiji na kijiji nafasi ya kutosha kupitisha kidole. Maua nikayatoa. Kisha nikachukua simu yenye kioo kilichopasuka, nikapunguza mwanga mpaka mwisho, nikaenda kusimama katikati ya jua saa saba mchana, watu wa bodaboda wananishangaa. Nikasoma. Nikamwita Dada Rehema naye akasoma, kisha akasema, "Mama Skola, limebaki kama tangazo la msiba. Maua yako wapi?" Nikamwambia yamekwenda harusini.

Lakini mimi najua kilichoandikwa, kwa hiyo macho yangu yanasaidiwa. Na Rehema anajua. Wiki iliyopita nilikuonyesha wewe, ukiwa unapanga nguo. Uliutazama ukiwa umekaa kitandani, ukasema, "Ni nzuri, mama," ukarudi kwenye nguo zako. Hukutoka nao nje. Nikarudi jikoni nikakaa na simu mkononi kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu.

Kesho jioni nitatoka kazini nipite darasani, nirudi hapa. Nitapima unga wa watu wawili kwa mazoea, nitapunguza. Meza nitaisogeza karibu na dirisha ili nisione kiti chako kikiwa wazi. Nimejiandaa kwa hayo. Ila sijui nitakavyoishi na hilo "ni nzuri" ukiwa mbali, ukinipigia simu kila Jumapili na kila kitu ni kizuri, chuo kizuri, chakula kizuri, mama mzuri. Hapo ndipo nitakuwa nimekupoteza kweli, na hakuna jirani atakayejua.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Basi likisimama Namtumbo, shuka. Konda mwambie ni babu yako, watangoja kidogo. Mwamkie. Kuhusu kilabu sema unavyoona wewe, sitakupangia maneno, yangu mimi nitakwenda kumwambia mwenyewe mbele ya walewale majirani. Halafu mwambie atoe simu yake, hiyohiyo yake, yenye kiza. Kiungo kipya nimeshamtumia. Mwambie asimame juani, asifunike kwa kofia, akutafutie siku ya kijiji chao. Usimtajie. Usimsogezee. Ngoja.

Kisha niandikie ujumbe palepale, kabla basi halijafika Tunduru, wala usiniambie ni nzuri. Niambie hivi tu, mwanangu: alisoma mwenyewe, au ulimsomea?

Mama yako,
Agneta